Mkutubi, kazi yako imeandikwa wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huikumbuka methali hiyo tunapohesabu mauzo ya kioski au deni la mama mboga. Leo naomba tuitazame kwa upande mwingine. Yupo mfanyakazi ambaye hushinda na daftari mkononi, akiandika nani kachukua nini na atarudisha lini, lakini kazi yake mwenyewe hajaiandika popote. Huyo ni mkutubi wa shule.

Jirani yangu hapa Ngoingwa aliifanya kazi hiyo kwa miaka tisa katika shule moja ya kibinafsi. Alikabidhiwa chumba chenye makatoni ya vitabu na vumbi tele. Alipoondoka, chumba kilikuwa na rafu, vitabu vimepangwa kwa nambari, na kila darasa lina siku yake ya kuingia. Shule ilipoishiwa na pesa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa asante. Akatuma maombi shule nyingine, akaitwa kwa mahojiano. Alikwenda na bahasha ya kaki yenye diploma, nakala ya kitambulisho na barua ya mwajiri iliyosema kwamba yeye ni mwaminifu na mchapakazi.

"Mama, huko ulikotoka watoto walikuwa wakiazima vitabu vingapi kwa muhula?" mwalimu mkuu alimuuliza.

"Wengi, mwalimu. Wengi sana."

"Na ni darasa gani lililosoma zaidi?"

Hapo akanyamaza. Si kwamba hakujua, maana watoto hao aliwaona kila siku kwa macho yake. Lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na kazi akapewa mwingine. Alipokwenda shule yake ya zamani kuomba madaftari ya kuazimia vitabu, alikuta yalitupwa stoo na mchwa wameyala. Ya miaka miwili tu ndiyo yaliyosalia. "Miaka saba imeenda hivyo," aliniambia tukiwa kwenye matatu kutoka Thika mjini. Hakusema neno jingine mpaka tukashuka.

Ndugu msomaji, ukiwa mkutubi, au una mke, mume au mtoto anayesomea kazi hiyo, usingoje mchwa. Anza leo kutengeneza jalada la kazi. Wasifu husema ulifanya kazi wapi na lini. Jalada huonyesha kazi yenyewe, mtu akaifungua na kuiona. Huhitaji gharama kubwa: faili moja ngumu, mifuko ya plastiki ya kuwekea karatasi, na saa moja kila mwisho wa muhula.

Kwanza, andika ukurasa mmoja unaojieleza. Sema wewe ni nani, umehudumia watoto wa umri gani, na unaamini maktaba ya shule ni ya nini. Andika kwa maneno yako, kama unavyomweleza mzazi aliyekuja kukutembelea. Baada yake weka nakala za vyeti. Kama ulisomea Kenya Polytechnic, ongeza maelezo mafupi kwamba chuo hicho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ili anayekuajiri asidhani kimefungwa.

Pili, na huu ndio moyo wa jalada, toa hesabu kutoka daftari la kuazimia. Kila muhula ukiisha, jumlisha vitabu vilivyotoka, darasa kwa darasa, uandike kwenye karatasi moja. Chini yake andika sentensi mbili za kueleza. Tuseme Gredi ya 4 waliazima vitabu 60 muhula wa kwanza na 140 muhula wa pili. Nini kilibadilika? Pengine uliomba darasa lipewe kipindi cha maktaba kila Jumatano. Nambari bila maelezo ni kama bei bila bidhaa. Ukitaka kuona hesabu za wasomaji zinavyowekwa, fika maktaba ya umma iliyoko Thika mjini uongee na wahudumu. Huduma ya Maktaba za Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kazi ya kuhesabu wasomaji haikuanza jana.

Tatu, onyesha ufundi wako. Chagua vitabu vitano au sita uonyeshe ulivyoviorodhesha. Wengi hutumia mpango wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Mle ndani lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Mkutubi anayeweza kueleza kwa nini kamusi na riwaya za Kiswahili hazikai rafu moja amekwisha kujitofautisha na mshika funguo.

Nne, weka kumbukumbu za vitabu ulivyopokea. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na mwaka 2023 sekondari ya msingi ilipoanza, shule nyingi za msingi zilijikuta na madarasa mapya ya kuhudumia. Kama wewe ndiwe uliyehesabu, ukapiga mihuri na kugawa, omba ruhusa ya mwalimu mkuu utoe nakala ya ukurasa mmoja wa hesabu hiyo.

Tano, picha. Piga chumba kabla hujakipanga na baada ya kukipanga. Lakini tahadhari na sura za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Piga rafu, mabango na viti. Ukiweka barua ya shukrani ya mwanafunzi, funika jina lake. Majina kwenye daftari la kuazimia pia yabaki shuleni, wewe uondoke na jumla tu.

Sita ni ukurasa ambao wengi huuogopa: vitabu vilivyopotea. Andika ni vingapi, na ulifanya nini. Hakuna maktaba ya shule isiyopoteza vitabu, na mwalimu mkuu anajua hivyo. Akiona faili lisilo na kasoro hata moja, atajiuliza umeficha nini. Akiona uliandikia wazazi barua, ukarudishiwa baadhi, kisha ukabadilisha utaratibu wa kuazima, atajua anaongea na mtu wa kazi.

Kwa nyinyi wanafunzi wa ukutubi, anzeni mkiwa bado katika mazoezi ya kazi. Miezi mitatu ni midogo, lakini yatosha kurasa nne. Msitegemee ile fomu ya msimamizi peke yake. Na mkiwa na simu, pigeni picha kila ukurasa wa jalada na kuzihifadhi mahali pa pili, kwa maana faili nalo hupata mvua.

Jirani yangu alifanya nini? Alichukua yale madaftari mawili yaliyosalia, akaketi na binti yake wa kidato cha tatu mezani jikoni, mmoja akisoma na mwingine akijumlisha. Iliwachukua Jumapili tatu. Miaka saba haikurudi, na kwenye jalada lake ameandika waziwazi kwamba kumbukumbu hizo hazipo na sababu yake. Alipoitwa kwa mahojiano mengine, hakusema "wengi sana". Alifungua ukurasa. Alipewa kazi ya muda wa muhula mmoja, na siku ya kwanza, kabla hajagusa rafu hata moja, alisimama mlangoni akapiga picha ya chumba.

Wako watakaokuambia kwamba chema chajiuza. Huenda, kikiwa sokoni mbele ya macho ya watu. Kazi ya mkutubi iko ndani ya chumba chenye mlango, na watoto wanaoijua hukua wakaondoka. Muhula huu ukiisha, kabla hujafunga mlango na kukabidhi funguo, chukua karatasi moja uandike hesabu yako.

Tukutane Jumapili ijayo.