Wasomi wa forodha wapewe takwimu
Na Hamisi Kibwana

Taaluma ya forodha imejengwa juu ya maswali matatu anayokutana nayo ofisa wa bandarini kila siku: mzigo huu ni bidhaa gani, thamani yake ni kiasi gani, na umetoka nchi gani. Jibu la kwanza hutafutwa katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ulioanza kutumika Januari 1, 1988, wenye makundi zaidi ya 5,000, kila kundi na namba yake ya tarakimu sita. La pili linaongozwa na mkataba wa uthamini wa Shirika la Biashara Duniani, unaotaka ushuru ukokotolewe kwanza kwa bei ambayo mnunuzi amelipa kweli. La tatu lina ubishi kuliko yote, kwani shati lililoshonwa Kenya kwa kitambaa cha China linaweza kuhesabiwa la Kenya katika mkataba mmoja wa biashara na kukataliwa katika mwingine.

Wanaotafiti mambo haya ni wachache, nao hutoka katika sheria, uchumi, uhasibu na siku hizi sayansi ya takwimu. Msomi maarufu kuliko wote aliyepata kukaa ofisi ya forodha ni Adam Smith. Miaka miwili baada ya kuchapisha kitabu chake kikubwa cha uchumi cha mwaka 1776, aliteuliwa kuwa kamishna wa forodha Scotland, akabaki kazini hadi alipofariki mwaka 1790. Barua yake ya mwaka 1780 inaeleza kwamba aliposoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, aligundua kuwa mavazi yake mengi, pamoja na leso, yalikuwa humo, akayachoma moto. Makamishna wanaoanza ukaguzi kabatini kwao si wengi. Katika kitabu chake Smith alikuwa ameshaonya kwamba ushuru ukizidi mno hukaribisha magendo na kupunguza mapato ya serikali.

Onyo hilo lilikuwa gumu kupimwa, kwa sababu mkwepa ushuru haweki kumbukumbu. Wachumi wakaja na njia ya kulinganisha vitabu vya nchi mbili: muuzaji aliandika ametuma nini, na mpokeaji aliandika amepokea nini. Jagdish Bhagwati aliitumia kwa takwimu za Uturuki mwaka 1964. Mwaka 2004 Raymond Fisman na Shang-Jin Wei waliipeleka mbali zaidi, wakilinganisha bidhaa zilizoondoka Hong Kong na zilizoandikwa kuingia China. Waliona kwamba kiwango cha kodi kikipanda kwa pointi moja ya asilimia, ukwepaji huongezeka kwa takriban asilimia tatu. Zaidi ya hapo, bidhaa zilikuwa zikibadilishwa majina njiani: ya kodi kubwa iliandikishwa kama jamaa yake ya kodi ndogo. Jörgen Levin na Lars Widell wa Sweden walifanya kazi ya aina hiyo kwa Kenya na Tanzania, nao wakakuta pengo la takwimu linaendana na kiwango cha kodi.

Njia hii ina kasoro. Gharama za usafirishaji na bima hutofautisha hesabu hata pale ambapo hakuna aliyedanganya, na pengo lenyewe halimwambii mtu nani kafanya nini. Kwa hilo inabidi kusoma matamko ya forodha yenyewe, moja moja.

Huko ndiko walikofika Cyril Chalendard, Ana Fernandes, Gaël Raballand na Bob Rijkers katika utafiti wao wa bandari kuu ya Madagascar, uliochapishwa mwaka 2023. Kanuni za nchi hiyo zilitaka kompyuta igawe matamko kwa wakaguzi kwa bahati nasibu. Watafiti wakahesabu tu: je, wakala fulani wa forodha anaangukia kwa mkaguzi fulani mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu? Naam, wapo waliokutana kupita kiasi. Matamko ya jozi hizo yalikuwa na dalili nyingi zaidi za ukwepaji, lakini yalipitishwa haraka na hayakushukiwa sana. Hasara ilikadiriwa kufikia asilimia 3 ya kodi yote iliyokusanywa, na ilitokana na wakaguzi na mawakala wachache. Ugawaji ulipokabidhiwa kwa mtu wa nje, hila ya zamani ilifichuka, kisha wahusika wakabuni nyingine. Hakuna semina ya maadili ambayo ingeonyesha hayo.

Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, limekuwa na mpango wa kuunganisha mamlaka za forodha na vyuo vikuu tangu 2006, na mwaka uliofuata lilianzishwa jarida la kitaaluma la forodha, World Customs Journal. Afrika Mashariki nayo ina vyuo: Chuo cha Kodi jijini Dar es Salaam, na KESRA ya Kenya. Vyote viko chini ya mamlaka za mapato, na jukumu lao kubwa ni kufundisha maofisa na mawakala. Chuo kilicho chini ya mkusanya kodi ni vigumu kukitarajia kimchunguze mwajiri wake.

Kazi yenyewe ya utafiti ipo. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, juu ya ile ya 25, kwa bidhaa kama samani, nguo na mafuta ya kula. Je, nyongeza hiyo imezidisha ukwepaji? Matokeo ya China hayawezi kuhamishiwa Mombasa au Dar es Salaam kibubusa. Lazima yapimwe hapa. Matamko yanayohitajika kwa kipimo hicho yamo tayari katika mifumo ya kielektroniki ya mamlaka za mapato. Mamlaka hizo ziyafute majina ya waagizaji, ziwape watafiti wa vyuo vikuu vya kanda chini ya masharti ya maandishi, na ziruhusu matokeo yachapishwe hata yanapokuwa machungu.