Umempa Nani Ufunguo wa Nyumba Yako?



Wazee wetu wa pwani waliijenga nyumba juu ya haya. Mgeni hukaa barazani; akikaribishwa huingia ukumbini; na ndani hapaingii ila wenyewe. Apigaye hodi mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka, wala haoni kuwa amevunjiwa heshima. Adabu hii hatukuizua sisi. Imeamrishwa katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28. Basi leo nakuuliza, ewe mwenye nyumba: huyu mgeni uliyemtia ndani juzi, alipiga hodi kwa nani?

Mgeni nimsemaye ni kisanduku kidogo kiitwacho habu. Kazi yake ni kuviweka vyombo vya nyumba chini ya amri moja: taa, feni, kamera, hata kitasa cha mlango. Mtu husema tu "zima taa", nayo ikazimika. Kwangu kililetwa na mwanangu akaaye ng'ambo, kwa nia njema ya kumsaidia mama yake, ambaye miguu haimchukui tena. Kukiandikisha hakukuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Mjukuu wangu wa miaka 12 aliiambia programu ya akili mnemba iliyomo simuni, "Niandikishie habu hii." Ikamtaka aielekeze simu kwenye alama ya mraba iliyo chini ya kisanduku, ikauliza majina ya vyumba, ikasema tayari. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, masharti yalisemaje?" Akanijibu, "Babu, yenyewe imeshakubali."

Yenyewe imeshakubali! Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ndugu yangu, kuandikisha chombo hicho si mchezo wa watoto. Ni kufunga mapatano. Katika vitabu vya fiqhi umo mlango wa wakala, nasi tumesoma kwamba wakili hana budi awe na akili timamu, na ajue alilowakilishwa. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni: mwandishi awe muadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atoe imla, akiwa hawezi, basi atoe walii wake. Sasa tazama mapatano ya nyumbani kwangu. Aliyeagiza ni mtoto asiyejua. Aliyekubali ni mashine isiyoulizwa mahakamani wala kaburini. Na atakayebeba madhara ni nani? Ni mimi na ahali yangu!

Madhara gani? Chombo chenye sikio hungojea neno lake la kuamshwa. Kikilisikia, hunasa sauti, na mara nyingi huipeleka katika mitambo ya kampuni, nchi za mbali. Na mara nyingine hudhani kimeitwa ilhali hakikuitwa. Mwaka 2018 huko Portland, Marekani, mazungumzo ya mke na mume yalinaswa na chombo cha Amazon, yakapelekwa kwa mtu waliyefahamiana naye, wao hawana habari. Mwaka 2019 ikadhihirika kwamba baadhi ya sauti za wateja zilikuwa zikisikilizwa na watumishi wa kampuni hiyo ili kukifundisha chombo. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishitaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto, nayo ikakubali kulipa dola milioni 25. Mwaka huo huo kampuni yake ya kamera, Ring, ikakubali kulipa dola milioni 5.8, baada ya kushitakiwa kwamba watumishi wake walitazama picha za wateja wakiwa faraghani mwao.

Sasa irejee Suratun Nur, aya ya 58. Humo zimetajwa nyakati tatu za sitara: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya isha. Nyakati hizo hata mtoto wa nyumba aombe ruhusa. Ikiwa mtoto uliyemzaa hubisha hodi, kisanduku kilichokuja kwa posta kimepata wapi idhini ya kukesha chumbani?

Utaniambia, "Sheikh, mimi sina la kuficha." Ndugu yangu, sitara si ya wezi peke yao. Na jirani aliyekuja kumlilia mkeo shida zake, yeye alikubali? Mazungumzo ya baraza ni amana. Upelelezi umekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12, wala sikuona humo kwamba umehalalishwa ukifanywa na mashine.

Utaniambia tena, "Sheikh wapinga maendeleo." Hasha! Kwa mgonjwa, kuwasha taa bila kuinuka ni neema, na mwenye kuikana neema si muungwana. Nisemalo ni kwamba neema isiingie kwa mlango wa nyuma. Masharti asomewe mwenye nyumba kwa lugha aijuayo, na kukubali kuwe kwake. Ziko na programu, kama Home Assistant, ziwezazo kuendesha kazi humo humo nyumbani bila kupeleka habari nje. Na sheria zipo: ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinakupa haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako. Mwenye haki asiyeidai, amlaumu nani?

Mimi nilifanya hivi. Nilikifuta kisanduku chote, nikaketi na mjukuu wangu, tukayasoma masharti kwa siku mbili, yeye akinifasiria. Kisha nikamwendea mke wangu, maana chombo kiliwekwa kwa ajili yake na hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza. Akasema, "Taa niachieni, yanifaa. Hilo sikio na hilo jicho litoeni. Mimi bado nina kinywa cha kuwaita."

Sote tukanyamaza. Kwani aliyekuwa na haki ya kuitikia hodi alikuwa ni yeye.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaiambia mashine "niandikishie", waite kwanza watu wa nyumba yako. Wallahu a'lam.