Bwana Msa Aingia Nyumbani



Kwa muda mrefu safu hii imekuwa ikiwaletea habari za vitabu vizito. Tumeandika juu ya Shaaban Robert na Kusadikika yake ya mwaka 1951, juu ya Said Ahmed Mohamed na machungu ya Utengano, na juu ya Kezilahabi, hata Nagona ya mwaka 1990, kitabu chembamba ambacho msomaji hukimaliza kwa siku moja akabaki kukifikiri mwaka mzima. Sifa tulizozitoa hatuzipunguzi hata chembe. Mwezi huu, hata hivyo, twapenda kusema juu ya ladha nyingine, ambayo sisi tumeionja mvi zikiwa zimekwisha kutuingia kichwani: ladha ya riwaya ya upelelezi.

Wataalamu wa fasihi huzigawa riwaya zetu mafungu mawili. La kwanza huliita riwaya dhati, la pili riwaya pendwa, na katika hili la pili ndimo wanamowekwa wapelelezi, majasusi na wapenzi waliotengana. Ukiyasikiliza sana majina hayo utadhani kwamba kilicho dhati hakipendwi na kinachopendwa hakina dhati. Lakini tuyaache hayo.

Kitabu kilichotufungulia mlango ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Marehemu Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya kwa muda wa miaka kama kumi, kisha akauingia uandishi wa magazeti, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Hadithi yake hii ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake twamkuta Bwana Msa, mvuta kiko, mtu asiye askari wala asiyelipwa na serikali, pamoja na mwandani wake Najum. Aliyepata kumsoma Sherlock Holmes wa Conan Doyle atamtambua mara moja ndugu yake huyu wa Unguja, na anayezitazama herufi za mwanzo za jina la mwandishi ataona pia jina la mpelelezi limetoka wapi.

Starehe yenyewe ni ya namna gani? Tumejaribu kuipima. Katika riwaya nzito msomaji hujiuliza mwandishi amekusudia nini, na huweza kuvuka sentensi tatu asizozifahamu akitumaini kwamba maana itamfikia mbele. Hapa swali ni moja tu: nani aliyetenda? Na kwa kuwa ni moja, kila neno huwa na uzito. Mtu aliyechelewa kuitikia salamu, mlango uliokutwa wazi, kauli ya mtumishi isiyolingana na ya bwana wake, yote hayo yawezekana kuwa ndiyo ufunguo. Mwandishi ameyaweka mezani mbele yetu sote, nasi twashindana na Bwana Msa kuyaona. Mara nyingi yeye hutushinda. Aibu ya kushindwa huko ni tamu ajabu.

Tena macho yaliyozoea vitabu vizito hayapumziki humu. Kiswahili cha Abdulla ni cha barazani: dhihaka, mafumbo, methali inayotajwa nusu na nusu ya pili ikaachiwa msikilizaji. Hata majina ya vitabu vyake yameokotwa katika vinywa vya watu, kama Duniani Kuna Watu cha mwaka 1973 na Mwana wa Yungi Hulewa cha mwaka 1976. Na Unguja ya kitabu hicho cha kwanza ni Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ile ambayo wazee wengi wa jamaa zetu waliiacha nyuma walipoelekea Oman, Ghuba na Uingereza. Kasoro hazikosi. Mazungumzo mara nyingine hurefuka kupita haja, na maelezo ya mwisho, pale Bwana Msa anapofumbua fumbo, hutaka subira.

Mama mmoja alituuliza kama inafaa kuingiza kitabu cha mizimu katika nyumba ya Waislamu. Swali lake ni la haki, na jawabu limo kitabuni. Maiti inapopatikana pale mzimuni, mahali panapoogopwa, njia nyepesi ni kusema kwamba mizimu imetenda. Bwana Msa haifuati njia hiyo. Yeye hutaka kujua nani alipita, saa ngapi, na kwa haja gani. Hatujui hoja iliyo kali zaidi dhidi ya ushirikina ambayo kijana wa miaka kumi na minne angekubali kuisikiliza mpaka mwisho.

Na hapa twafikia jambo lililotushughulisha zaidi. Katika nyumba zetu wako watoto wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza. Katika nyumba moja tunayoijua sana, Adili na Nduguze ilifunguliwa mara mbili na mara mbili ikafungwa, watoto wakipiga miayo. Majira ya baridi, katika nchi hii ambamo isha huingia mapema na usiku ukawa mrefu, bibi yao alianza kuwasomea Mzimu wa Watu wa Kale kwa sauti, sura moja kila usiku. Usiku wa nne, mjukuu wa kiume, ambaye kwa kawaida hana la kusema, alimkatiza: "Bibi, neno hilo maana yake nini?" Akafafanuliwa. Akauliza jingine. Kesho yake akapiga simu kutoka safarini: "Bibi, shikamoo. Tafadhali usisome mpaka nirudi."

Tumeitafakari sana sababu yake. Neno gumu katika kitabu cha hekima mtoto huliruka, kwani haoni hasara. Katika riwaya ya upelelezi haliruki, kwa kuwa labda ndani ya neno hilo amejificha muuaji.

Twaongeza tahadhari moja. Si wapelelezi wote wa Kiswahili wanaofaa kusomwa mbele ya watoto. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mashujaa wenye mbio na bastola, na walioandikiwa watu wazima; vileo na wanawake hawakosekani humo. Sisi tumevisoma, na mwendo wake umetukesha. Lakini rafu yake iwe ya juu.

Nakala za Bwana Msa tulizo nazo ni tatu, zote zimechakaa, nazo huazimwa kwa wiki mbili katika darsa ya Jumamosi. Anayesafiri kwenda Unguja au Dar es Salaam atufikirie. Na yule aliyeandika jina la muuaji kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa twamwomba asirudie. Tumelifuta, lakini ukiuelekeza ukurasa kwenye taa bado lasomeka.