MAMBO YA VIWANJANI: Kufungwa Si Kufa

Mtu apitaye Mji wa Kale wa Mombasa jioni, baada ya timu ya mtaa kufungwa mabao mengi, hana haja ya kuuliza matokeo. Huyatambua kwa kuzitazama baraza tu. Siku ya ushindi baraza za Kibokoni na Kuze hujaa vicheko, na muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake kwa furaha, kwani dele lake humalizika mapema. Siku ya kufungwa watu ni wale wale na kahawa ni ile ile, lakini mazungumzo huwa kama ya watu waliotoka mazikoni. Tena mazikoni ambako kila mmoja anamtafuta aliyemwua maiti.

Wapenzi wa mpira, wapatapo msiba wa namna hiyo, hugawanyika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la wale waliojua tangu zamani. Hao huapa kwamba walikwisha kusema timu itafungwa, ijapokuwa hapana aliyewasikia wakisema hivyo asubuhi. Fungu la pili ni la wanaomlaumu refa, ambaye machoni pao hajapata kuhukumu kwa haki ila siku ile timu yao ilipopewa penalti. Fungu la tatu ni la wanaonong'ona habari za waganga na vitu vilivyofukiwa golini usiku. Fungu la nne ndilo lenye watu wengi na ndilo lenye madhara zaidi, nalo ni la wale wanaochagua mchezaji mmoja na kumtwika mzigo wote.

Fungu la tano pia lipo, lakini ni dogo, na watu wake hawasemi sana. Habari za fungu hilo zinafaa kuelezwa kwa kisa hiki.

Msimu mmoja timu moja ya kisiwani ilikuwa mkiani kabisa katika orodha ya mashindano. Jumamosi moja ikafungwa mabao sita kwa bila. Golikipa wake alikuwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa seremala, akaaye na mamaye katika kichochoro kimoja cha Kibokoni. Mchezo ulipokwisha watu walirudi kwa miguu wakipita Marikiti, na kabla hawajavuka barabara ya Digo hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Golikipa ndiye aliyeiua timu. Wengine walidai kwamba amekula rushwa, na wengine kwamba haoni vizuri. Mmoja alisema kwa sauti kuu kuwa hata mlango wa uani ungezuia mipira mingi kuliko yeye.

Mama wa kijana huyo huuza mahamri na mbaazi za nazi mlangoni pake kila asubuhi. Siku ya pili yake alifika mteja wake wa siku nyingi, kijana mmoja afanyaye kazi ya ukarani, mpenzi mkubwa wa timu ile. Alipopewa mahamri yake akacheka, akasema mbele ya watu, "Mama, mikono ya mwanao yafaa kushika hamri, mpira usimpe tena." Watu wakacheka. Mama hakujibu neno. Alimrudishia chenji yake, akafunika bakuli, akaingia ndani, wala hakuuza tena siku ile. Kijana wake alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote. Jioni alikwenda kwa katibu wa timu akarudisha jezi na viatu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikijikwaa aumiaye ni mwenyewe, bali ulimi ukijikwaa huwaumiza watu waliokuwa wameketi kwao.

Habari hizo zilifika barazani usiku baada ya sala ya isha. Palikuwapo mzee mmoja aliyeanza kutazama mpira wa Mombasa tangu utoto wake, na yule karani naye alikuwapo. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwomba muuza kahawa vikombe sita vitupu. Akavipanga mstari mmoja juu ya sakafu ya baraza.

"Mwanangu," akamwambia karani, "haya ndiyo mabao sita ya jana. Wewe ulikuwapo. Nieleze, bao la kwanza lilipatikanaje?"

"Winga wetu alinyang'anywa mpira, mzee, akasimama kumlalamikia refa. Wenzake wakaenda nao wakafunga."

Mzee akakiweka kikombe cha kwanza kando. "Na la pili na la tatu?"

"Mabeki wote wawili walikuwa wamepanda mbele kutafuta bao la kusawazisha. Nyuma hapakuwa na mtu."

Vikombe viwili zaidi vikaondolewa. Bao la nne lilikuwa la penalti, kwa kuwa sentahafu alishika mpira kwa mkono. La tano lilikuwa kosa la golikipa hasa, kwani mpira ulimponyoka kifuani. La sita liliingia wakati timu nzima ilipokuwa imekata tamaa, hapana hata mmoja aliyekimbia. Mzee alipomaliza kuhesabu, mbele ya karani kilibaki kikombe kimoja.

"Hiki ndicho chake," akasema mzee. "Hivyo vitano umempa bure. Na mamaye, ambaye hakuwa uwanjani, umempa vingapi?"

Karani akainama. Mzee akamwuliza tena, "Je, ulilipa kiingilio?" Karani akakiri kwamba hakulipa, alitazama juu ya ukuta pamoja na wenzake. Baraza yote ikacheka. Mzee akasema, "Basi, bwana, hata haki ya kunung'unika hukuinunua."

Jambo alilolifanya karani si geni, wala halikuanza Mombasa. Mwaka 1950 nchi ya Brazil iliandaa mashindano ya Kombe la Dunia. Tarehe 16 Julai ilicheza na Uruguay katika uwanja mkubwa wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, na sare tu ingaliitosha kupata kombe. Ilifungwa mabao 2 kwa 1. Golikipa wake, Moacir Barbosa, alikuwa miongoni mwa makipa bora wa siku zile. Lakini kwa ajili ya bao lile la pili alilaumiwa maisha yake yote. Katika uzee wake alilalamika kwamba sheria ya Brazil haimfungi mhalifu zaidi ya miaka 30, na yeye ameadhibiwa karibu miaka 50 kwa kosa ambalo si jinai. Alifariki mwaka 2000. Wachezaji kumi na mmoja walishindwa siku ile, na adhabu akaichukua mmoja. Tena lawama ile yote haikulifuta hata bao moja.

Tukirudi barazani, kijana mwingine alisema kwamba afadhali timu ivunjwe kuliko kuuabisha mtaa. Hapo mzee akawakumbusha habari ambayo wengi wao walikuwa hawajazaliwa ilipotokea.

Tarehe 12 Desemba 1965, siku ya sikukuu ya Jamhuri, timu ya taifa ya Kenya ilicheza mjini Nairobi na Ghana. Timu ya Ghana, iitwayo Black Stars, ilikuwa imetoka kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Tunis mwezi uliotangulia, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili mfululizo. Siku hiyo Ghana ilifunga mabao 13. Kufungwa mabao 13 ni aibu popote. Lakini kufungwa hivyo nyumbani, katika siku ya kusherehekea nchi yenyewe, ni jambo ambalo lingaliweza kuwafanya watu wauchukie mpira kabisa. Watu wa Mombasa walikuwa na sababu zaidi ya kujiinua, kwani mwaka ule ule timu yao ya Feisal ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya. Nao wangaliweza kusema kwamba aibu ile ni ya watu wa bara, haiwahusu.

"Basi watu walifanya nini, ami?" akauliza kijana.

"Waliokata tamaa walikaa majumbani mwao," akajibu mzee. "Waliobaki wakaendelea kwenda uwanjani. Mwaka 1967 Kenya ikatwaa kombe la Afrika ya Mashariki na ya Kati, nyumbani Nairobi. Mwaka 1972 ikaenda Cameroon kucheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Tangu yale mabao 13 hata Cameroon haikupita miaka saba. Kama timu ingalivunjwa siku ile, nani angalikwenda?"

Tena mzee akawakumbusha kwamba mwenye kucheka leo huenda akalia kesho, na aliaye leo huenda jana alikuwa akicheka. Mwaka 1961, katika mashindano ya Kombe la Gossage, Kenya iliifunga Unguja mabao 10 kwa bila mjini Nairobi. Mji wa Kale una watu wengi wenye jamaa zao Unguja. Basi bao moja lilikuwa likimfurahisha mtu na kumwumiza binamu yake. Baada ya miaka minne tu, Kenya nayo ikaonjeshwa dawa ile ile, na kipimo kikaongezwa.

Hata Waingereza, ambao ndio walioutunga mchezo huu kwa sheria zake, walipata funzo hilo. Tarehe 25 Novemba 1953 timu yao ilifungwa na Hungary mabao 6 kwa 3 katika uwanja wao wa Wembley. Na mwezi wa Mei mwaka uliofuata, walipokwenda Budapest, wakafungwa 7 kwa 1. Miongoni mwa mabeki waliocheza siku ile ya Wembley alikuwamo mtu mmoja aitwaye Alf Ramsey. Baadaye akapewa kazi ya kuiongoza timu ya Uingereza, na mwaka 1966, katika uwanja ule ule wa Wembley, timu yake ikatwaa Kombe la Dunia. Kama beki aliyefungwa sita angalihesabiwa kuwa mtu asiyefaa kitu, Waingereza wangalikosa kiongozi wao.

Haya hayasemwi ili kuwafundisha watu kufurahia kushindwa. Mpenzi wa timu ana haki ya kuhuzunika, na ana haki ya kuuliza. Timu ikifungwa sita, yafaa wanachama waiulize kamati: Je, wachezaji wanafanya mazoezi siku ngapi kwa juma? Nani anayewachagua, na kwa kutazama nini? Fedha za kiingilio zinakwenda wapi? Maswali hayo huulizwa mkutanoni, mbele ya katibu na mweka hazina, nayo hujenga. Bali matusi ya barabarani hayamfundishi beki kurudi nyuma kwa wakati wake.

Tena lipo jambo la fedha, ambalo wengi hawalifikiri. Timu ya mtaa haina hazina nyingine kubwa kuliko viingilio na michango ya watu wake. Timu inapofungwa, watu huacha kuja. Watu wakiacha kuja, nauli ya kwenda mechi za mbali hukosekana na mipira ya mazoezi huchakaa. Mwisho mchezaji hodari huhamia kwingine anakopata riziki, na timu hufungwa tena. Ndipo yule aliyeacha kuja husema, "Mwaona? Niliwaambia!" Hajui kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa waliofunga. Ni hasara kubwa zaidi siku hizi, ambapo kijana wa Mombasa aweza kuketi mbele ya televisheni akazililia timu za Manchester na London, hali timu ya mtaa wake inakosa watu mia wa kuitazama.

Asubuhi iliyofuata karani alikwenda kwa mama muuza mahamri. Hakwenda peke yake, kwani aliyemtukana mbele ya watu hana budi kumwomba radhi mbele ya watu. Akasema, "Shikamoo, mama. Neno nililolisema jana halikuwa la kiungwana. Nimekuja kuomba radhi kwako na kwa mwanao." Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu," akamfungia mahamri yake kama kawaida. Kisha akaongeza, "Lakini mwenyewe yuko karakanani. Mfuate umwambie huko." Karani akamfuata.

Jumamosi iliyofuata golikipa alisimama tena langoni. Karani na wenzake waliingia kwa mlango, wakalipa. Timu yao ilifungwa tena, mara hii mabao mawili kwa moja. Mabeki walikuwa wakirudi nyuma, winga hakubishana na refa, na katika dakika za mwisho golikipa aliokoa mpira ambao ungalikuwa bao la tatu. Watu walikaa mpaka firimbi ya mwisho, wakawapigia makofi wachezaji walipokuwa wakitoka.

Timu ilibaki pale pale mkiani juma lile. Usiku ule kahawa ilikwisha mapema, na muuza kahawa aliyepita njia akitoka mitaa ya mbali akauliza kama timu imeshinda. Mzee akamjibu kwamba timu imefungwa, lakini watu wake wamerudi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na timu, kama mtu, huwajua rafiki zake siku ya mabao sita.