Kisu kisifichwe, mtoto afundishwe

Katika kambi za waliokimbia vita pembeni ya Bunia, mama wengi wanatoka alfajiri kwenda kulima mashamba ya watu na kurudi jioni na unga kidogo ao sombe. Anayebaki kupika ni binti wa miaka 10, ao kaka yake. Kwa hiyo ile amri ya “usiguse kisu” haina kazi. Atakigusa tu, wadogo zake wana njaa.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu angali na kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Alikuwa na miaka 8, akimenya muhogo mkononi kwa kisu butu. Alisukuma kwa nguvu, kisu kikateleza. Akafunga kidole kwa jani la mgomba na kukificha siku mbili, maana aliogopa fimbo kuliko maumivu. Jirani ndiye aliyeona uvimbe, akampeleka kutibiwa.

Leo watoto wake wanajua: muhogo unakatiwa juu ya ubao, haushikwi kiganjani. Kisu kielekee mbali na mwili. Kikianguka, kiachwe kianguke. Hakiachwi ndani ya beseni yenye povu. Na kinanolewa! Wazazi wengi wanadhani kisu butu ndicho salama kwa mtoto, kumbe butu kinataka nguvu, na hapo ndipo mkono unateleza.

Lakini ubaya mkubwa uko kwenye fimbo. Mtoto anayepigwa kwa sababu amejikata hajifunzi kushika kisu, anajifunza kuficha kidonda. Kidonda kilichofichwa, kikapakwa majivu, udongo ao petroli, kinaweza kuleta tetanosi, na ugonjwa huo mara nyingi unajitokeza kati ya siku 3 na 21, wakati watu wamekwisha kusahau mkato wenyewe. Kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikandamizwe kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Damu isipokata, ao kidole kikikataa kukunjika, ni kituo cha afya hapohapo.

Huko kituoni wazazi wengine wananyamaza kwa haya, kwa sababu kadi ya chanjo ilibaki kijijini ao iliungua pamoja na nyumba. Mzazi aseme wazi kwamba kadi haiko. Muuguzi ataamua kama mtoto achanjwe tena.