Nauli ya kiti: nani anailipa kati ya Bwera na Kasese?

Ukitoka Bwera kwenda Kasese mjini, unapanda teksi, unapita Kinyamaseke, ukifika Kikorongo mnakunja kushoto. Kwa anayetembea mwenyewe hiyo ni nauli moja. Kama unatumia kiti cha magurudumu, unajua hesabu ilivyo: nauli yako, nauli ya anayekusaidia, na mara nyingi nauli ya kiti chenyewe, maana kimechukua nafasi ya mzigo ambao ungelipiwa. Wengine hukwepa gharama hiyo kwa kupanda boda boda, wakakaa katikati ya dereva na mtu wa kuwashika, na kiti wakakiacha nyumbani. Wakifika hospitali hawana cha kukalia.

Ni rahisi kumlaumu kondakta, na wapo wanaostahili. Lakini teksi ina mwenyewe, na jioni anataka hesabu yake. Dakika kumi za kukupandisha hakuna anayezilipia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Uganda ya mwaka 2020 inakataza kubaguliwa kwenye huduma za umma, lakini haimpi dereva shilingi moja kwa muda wake.

Kwingine kazi hii inanunuliwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 inazitaka wakala za mabasi ya mjini ziwe na usafiri wa pekee kwa wasioweza kutumia basi la kawaida. Unaagiza gari siku moja kabla, nauli haizidi mara mbili ya ile ya kawaida, na msaidizi wako halipi. Wakala nyingi huzipa kampuni binafsi kazi hiyo kwa zabuni. Hata huko watu hulalamika kuwa magari huchelewa, hasa pale zabuni ilipokwenda kwa aliyetaja bei ya chini. Karibu zaidi nasi, mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza mwaka 2016, na vituo vyake vilijengwa sakafu ikilingana na ya basi, kiti kiingie bila kubebwa. Msongamano ni habari nyingine.

Kasese hatuna wakala kama hizo. Hata hivyo, usafiri hununuliwa hapa kila mara. Wakimbizi wanaovuka Mpondwe kutoka Kongo hupelekwa kwenye vituo vya mapokezi, kisha kwenye makazi kama Kyaka II au Rwamwanja, kwa mabasi na malori ambayo kuna anayeyalipia. Mashirika hukodi magari kwa mikutano, na kwa wagonjwa wa rufaa pia. Kila gari lina mkataba, na dereva hufanya kilichoandikwa humo. Kama mkataba unasema "abiria 60 na mizigo" tu, baiskeli ya magurudumu matatu inahesabiwa mzigo, na mzigo mkubwa ndio wa kwanza kuachwa. Mwenye baiskeli hiyo anafika kwenye kiwanja chake kipya akiwa hawezi kwenda msalani peke yake.

Kuandika kwamba gari liwe na ubao wa kupandia, kwamba kifaa kisafiri pamoja na mwenyewe, na kwamba msaidizi ahesabiwe abiria, hakuongezi gharama kubwa. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 9 kinataja usafiri, na cha 11 kinataja watu walio katika hatari na dharura.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye usajili, taja ulemavu wako na kifaa chako, uhakikishe vimeandikwa. Usingoje siku ya safari. Orodha ya magari ikishafungwa, utajibiwa kwamba nafasi zimejaa. Na wewe mwenyeji unayekaa kwenye kamati ya kijiji au baraza la wilaya, bajeti ya kukodi magari ikisomwa, uliza mkataba unasema nini kuhusu kiti.