Alizeti ya Kanda ya Kati: Takwimu na Modeli Zinavyoweza Kuongoza Uamuzi wa Mwekezaji

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, mambo mawili hukutana katikati ya nchi. Mashambani Singida na Dodoma wakulima huwa katika mavuno ya alizeti, magunia yakipangwa kandokando ya barabara kusubiri wanunuzi. Bungeni Dodoma, Waziri mwenye dhamana ya Fedha huwasilisha hotuba ya bajeti, ambayo pamoja na mambo mengine hueleza mabadiliko ya viwango vya ushuru wa forodha, yakiwemo yale yanayoweza kugusa mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Hivyo msindikaji wa alizeti hulazimika kununua mbegu za kumtosheleza kwa miezi mingi katika wiki zile zile ambazo bei ya mafuta yake inaweza kubadilishwa na aya moja ya hotuba.

Wasindikaji wengi hukabiliana na hali hiyo kwa uzoefu. Uzoefu una thamani yake, lakini mtaji unaowekwa kwenye kiwanda ni mkubwa, na mara nyingi ni wa mkopo. Ndiyo maana uchambuzi wa takwimu na matumizi ya modeli za kibiashara, mambo yaliyozoeleka kuhusishwa na benki na kampuni kubwa, yanastahili kuzungumzwa pia katika viwanda vya kati na vidogo. Modeli katika maana hii si mtambo wa ajabu. Ni hesabu iliyopangwa kwa namna ambayo kila dhana imeandikwa wazi, ili dhana moja ikibadilika mwenye biashara aone mara moja kinachobadilika mwishoni. Kompyuta yenye lahajedwali inatosha, na kwa kiwanda kidogo hata daftari linaweza kutosha.

Uichukulie, kwa mfano, nia ya mwekezaji kujenga kiwanda chenye uwezo wa kukamua tani 20 za mbegu kwa siku. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka kitahitaji tani 6,000. Swali la kwanza ambalo wengi hulianza ni la soko, na hapa takwimu rasmi zinatoa jibu la haraka. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Dodoma pekee una watu 3,085,625, kutoka watu 2,083,588 mwaka 2012. Kwa kutumia wastani wa kitaifa wa watu 4.3 kwa kaya, hizo ni takriban kaya 718,000. Ikidhaniwa kuwa kila kaya hutumia lita 2 za mafuta kwa mwezi, mkoa unahitaji zaidi ya lita milioni 1.4 kila mwezi. Kiwanda chenyewe, kikipata kilo 28 za mafuta katika kila kilo 100 za mbegu, kitazalisha takriban lita 152,000 kwa mwezi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya mahitaji hayo. Walaji wapo.

Ugumu unaanza upande wa pili wa hesabu. Ikidhaniwa kuwa eka moja ya mkulima mdogo hutoa kilo 400 za mbegu, tani 6,000 ni mavuno ya eka 15,000. Lakini hakuna kiwanda kinachonunua mbegu zote za eneo lake. Wapo washindani, wapo madalali wanaosafirisha mzigo nje ya mkoa, na zipo kaya zinazobakiza mbegu kwa matumizi yao. Kiwanda kikifanikiwa kupata theluthi moja ya mavuno, eneo linalokizunguka lazima liwe na eka 45,000 za alizeti. Mvua zikiwa haba na mavuno yakashuka hadi kilo 280 kwa eka, theluthi ile ile italeta tani 4,200 tu. Mtambo utakamua kwa siku 210 na kusimama siku 90 zilizobaki katika mpango wake, huku marejesho ya benki yakidaiwa kwa miezi yote 12. Namba hizi ni za mfano, na kila mwekezaji atakuwa na zake. Hata hivyo zinaonesha kwa nini mchanganuo wa biashara unaojaza kurasa kumi kuhusu soko na aya moja kuhusu malighafi umegeuza mambo kichwa chini.

Kanda ya Kati ina sababu yake ya kulikumbuka hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga ili kukidhi upungufu wa mafuta ya kula nchini mwake. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka mwaka 1946 kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kufyekwa kwa zaidi ya eka milioni 3. Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma wa leo, ikawa kitovu cha kuanzia. Hesabu za mpango zilikuwa nyingi na zilionekana za kitaalamu. Lengo la msimu wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Matrekta yaliyonunuliwa kama mitumba ya kijeshi yaliharibika, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna, na mvua hazikunyesha kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ulisitishwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni.

Kosa la Kongwa halikuwa kukosa hesabu. Waliopanga walikuwa na hesabu za gharama za kila eka, za mitambo na za tani zitakazosafirishwa, lakini kumbukumbu za mvua za eneo lenyewe zilikuwa chache mno kubeba mpango wa ukubwa ule, na hakuna aliyelima kwanza shamba la majaribio kwa misimu ya kutosha. Dhana kubwa kuliko zote, kwamba mvua ingetosha, ndiyo iliyochunguzwa kidogo kuliko zote. Mwekezaji wa leo anayekubali kilo 400 kwa eka kwa sababu tu imeandikwa kwenye mchanganuo wa jirani yake anatembea njia hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo.

Tofauti ni kwamba leo kumbukumbu zipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za Msimu, zinazonyesha kati ya Novemba na Aprili katika mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, Singida na Dodoma ikiwemo. Utabiri huo husomwa vibaya mara nyingi. Unapoeleza kuwa eneo fulani linatarajiwa kupata mvua za wastani hadi chini ya wastani, haumaanishi kuwa ukame umethibitishwa, bali kwamba uwezekano umeelemea upande huo. Kwa msindikaji, matumizi sahihi si kuchagua hali moja na kuishikilia. Anapaswa kupiga hesabu yake mara tatu, kwa mavuno mazuri, ya wastani na mabaya, kisha ajiulize kama biashara itaendelea kuwa hai katika hali ya tatu. Ikiwa haitabaki hai, ukubwa wa mtambo ndio wa kupunguzwa kabla ya mkataba wa mkopo kutiwa saini. Taarifa za Sensa ya Kilimo ya mwaka 2019/20, iliyotekelezwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na wadau wengine, humsaidia kulinganisha dhana yake ya mavuno na hali iliyopimwa mkoani.

Suala la fedha nalo halipaswi kuachwa kwa mhasibu pekee. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatekeleza sera ya fedha kwa kutumia riba, na Riba ya Benki Kuu hutangazwa kila robo mwaka. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 Aprili 2024, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75. Riba wanayotozwa wafanyabiashara ni kubwa kuliko hiyo na haifuati kila badiliko mara moja, lakini tangazo hilo huonesha mwelekeo.

Athari yake kwa alizeti inaweza kupimwa kwa shilingi. Kiwanda cha mfano kikinunua tani 6,000 zote wakati wa mavuno kwa shilingi 1,000 kwa kilo, kinahitaji shilingi bilioni 6. Mzigo ukipungua ghalani taratibu hadi mwisho wa mwaka, wastani wa fedha zilizofungwa humo ni shilingi bilioni 3. Kwa riba ya asilimia 15, gharama ni shilingi milioni 450, sawa na shilingi 75 kwa kila kilo, kabla ya kuhesabu ghala, panya na unyevu. Kwa hiyo kununua zote mapema kunalipa tu iwapo bei ya mbegu, kwa wastani wa miezi inayofuata, itapanda zaidi ya shilingi 75 na gharama hizo nyingine. Ni swali lenye jibu katika kumbukumbu za bei za miaka iliyopita, na ni ajabu jinsi linavyoulizwa mara chache.

Hapo ndipo hotuba ya Juni inaporudi. Hakuna modeli itakayobashiri uamuzi wa kisera, na haifai mtu kuuziwa programu kwa ahadi hiyo. Kinachowezekana ni kupima ukubwa wa jeraha: bei ya mafuta sokoni ikishuka kwa asilimia 10 baada ya ghala kujazwa, je, faida itapungua au mtaji utaliwa? Msindikaji anayelijua jibu hilo mwezi Mei anaweza kununua nusu ya mahitaji yake kwanza na kubakiza nusu hadi viwango vitakapojulikana. Huenda akalipa bei ya juu kidogo kwa nusu ya pili. Tofauti hiyo aichukulie kama bima.

Takwimu zenye faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, hazitoki Serikalini. Zimo kwenye daftari la mizani getini mwa kiwanda: tarehe, kijiji, uzito, bei, na pembeni yake kiasi cha mafuta na mashudu kilichopatikana. Katika viwanda vingi vidogo daftari hilo huandikwa kwa uaminifu, likajaa, kisha likawekwa kabatini bila kujumlishwa. Ndani yake huweza kuonekana kwamba mbegu za kijiji kimoja hutoa kilo 28 za mafuta kwa kila kilo 100 na za kijiji kingine kilo 25. Pengo hilo la kilo 3, likichukuliwa kwa tani 6,000, ni tani 180 za mafuta. Linatosha kuamua bei ya kila eneo, au kuwashawishi wakulima kuhusu mbegu bora zinazofanyiwa utafiti katika Kituo cha TARI Ilonga, wilayani Kilosa.

Anayehamishia daftari hilo kwenye kompyuta, likiwa na majina na namba za simu za wakulima, anagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anapaswa kujisajili katika Tume husika na kutumia taarifa hizo kwa madhumuni zilizokusanyiwa tu. Kwa uchambuzi wa mavuno, jina la kijiji na uzito wa gunia kwa kawaida vinatosha.

Kipimo cha mwisho cha modeli ni msimu uliopita. Msindikaji aingize takwimu alizokuwa nazo miaka mitatu nyuma, aone hesabu ingemshauri kununua kiasi gani, kisha alinganishe na kilichotokea. Ikiwa ingempotosha misimu miwili kati ya mitatu, airekebishe dhana iliyokosea kabla utabiri wa mvua za Msimu haujatangazwa tena na wakulima hawajaanza kuandaa mashamba.